Muhogo wa Belgrave Road

Nilikuwa nimeinama juu ya kreti ya mihogo nje ya duka moja la mboga kwenye Melton Road, mjini Leicester, naminya mmoja baada ya mwingine kama bibi yangu alivyonifundisha kwetu Tanga. Mihogo inayofika Uingereza hupakwa nta isije ikakauka safarini, kwa hiyo kuitazama tu hakutoshi. Mpaka uvunje ncha ndipo ujue kama ndani bado ni mweupe au umeshaingia michirizi. Na wenye maduka hawapendi mtu avunjevunje. Nikanung'unika peke yangu: "Huu nao umeshalala."

"Huo hapana mzuri," sauti ikanijibu nyuma yangu. "Chukua hii. Hii ya leo."

Nikageuka. Alikuwa bibi wa Kihindi, mfupi, sari yake ya zambarau ikichungulia chini ya koti zito, kichwani kofia ya sufu, mkononi anakokota kapu la magurudumu. Nilishtuka hata nikasahau adabu. Nilipozikumbuka nikamwamkia, "Shikamoo." Akatikisa kichwa. Neno hilo hakulijua. "Sisi Jinja nasema jambo," akaniambia, na uso wake wote ukafunguka. "Jambo! Habari ya siku mingi!"

Habari za siku nyingi, na ndiyo kwanza tunaonana. Lakini nilimwelewa.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Oktoba 2024, na Diwali yenyewe, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilikuwa inaangukia Alhamisi. Nilikuwa nimeishi Leicester mwaka na miezi kadhaa, nafanya kazi za zamu upande wa pili wa mji, na mtaa wa Belgrave nilikuwa naupita ndani ya basi tu. Siku ile nilishuka kwa sababu ya muhogo. Niliondoka usiku, miguu inauma, nina mwaliko.

Belgrave Road inatoka karibu na katikati ya mji ikielekea kaskazini, na mbele inabadilika jina kuwa Melton Road. Watu huiita Maili ya Dhahabu. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya masonara waliopangana pande zote mbili, na wapo wanaosema jina lilianza kwa utani wa taa za njano za barabarani. Mimi nakubaliana na wa masonara, maana siku ile madirisha yao yalikuwa yanawaka kuliko taa za serikali ya mji. Jumanne iliyokuwa inakuja ilikuwa Dhanteras, siku ya kwanza ya sherehe za Diwali, ambayo ni heri kununua kitu cha madini. Mwenye uwezo hununua dhahabu, wa kati hununua fedha, na asiye na uwezo hununua hata kijiko cha chuma, mradi kitu kipya kinachong'aa kiingie nyumbani. Ndiyo maana kando ya sonara kulikuwa na duka la vyombo lililomwaga sufuria mpaka nje, zimepandana kama minara, na wanawake wanazigonga kwa kucha kusikiliza mlio. Hivyo hivyo tunavyogonga sisi pale sokoni Ngamiani.

Nilitembea polepole. Kwenye meza za nje kulikuwa na vitaa vya udongo, vile vidogo vinavyokaa kwenye kiganja, vinaitwa diya, ambavyo hutiwa samli na utambi wa pamba. Kulikuwa na unga wa rangi kwenye vifuko, wa kuchorea maua ya rangoli mlangoni. Kulikuwa na mashada ya maua ya machungwa ya kutundika juu ya mlango, mengine halisi, mengine ya nailoni kwa ajili ya mvua. Na harufu! Hiliki, samli inayochemka, ubani, na mafuta ya kukaangia yaliyokuwa yanatoka kwenye kila mlango wa duka la mithai. Foleni ya mithai ilikuwa inapinda kona. Watu wanabeba maboksi matano, sita, ya ladu na barfi, kila boksi lina jina la nyumba linakokwenda.

Dukani kwa muuza vitabu nilisimama muda mrefu kuliko popote. Dirishani kulikuwa na madaftari mekundu, marefu, jalada la kitambaa. Muuzaji, kijana mwenye lafudhi ya hapahapa Leicester, alinieleza kwamba ni ya chopda pujan: usiku wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka na kuliombea daftari jipya. Ukurasa wa kwanza huandikwa neno Shri, mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu, hadi liwe mfano wa piramidi, na pembeni maneno mawili, Shubh na Labh, heri na faida. Siku hizi, alisema, wengi huweka kompyuta mpakato mbele ya mungu Lakshmi na kuitia tone jekundu, lakini daftari bado wananunua.

Ninalijua daftari lile. Sikuwahi kuliona kwenye maombi, nililiona kwenye kaunta. Duka la karibu na kwetu lilikuwa nalo moja kama hilo, na ndani yake lilikuwamo jina la bibi yangu: sukari robo, mafuta ya taa chupa moja, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi alikuwa anakwenda kulipa akiwa amevaa khanga yake nzuri, kana kwamba anakwenda harusini, kwa sababu hakutaka mtu amwone akidaiwa ovyo. Kumbe kila mwaka daftari lile lilikuwa linaombewa. Madeni yetu sisi watu wa barabara ya 12 yalikuwa yanawekwa mbele ya Lakshmi na taa inawashwa. Nisingejua kama nisingefika Leicester.

Hilo ndilo jambo lililonisumbua mtaa mzima. Nimekua nikiishi jirani na Diwali. Tulikuwa tunakwenda mjini, watoto kumi, tunasimama ng'ambo ya barabara kuangalia taa kwenye baraza zao na fataki zikipaa, na mlango hatukuwahi kuuvuka. Tuliwaita wote Mabanyani, neno linalotokana na vaniya, jina la watu wa tabaka la wafanyabiashara huko Gujarat, na tukawavisha hata wasiofanya biashara. Wao nao walikuwa na majina yao ya kutuita. Bibi yangu peke yake ndiye aliyekuwa anaingia ndani, kwa mlango wa nyuma, maana alikuwa yaya katika nyumba moja ya Kihindi kwa miaka mingi. Siku iliyofuata Diwali alikuwa anarudi na mithai iliyofungwa kwenye gazeti, wino umeshikana na sukari, na sisi tunalamba hadi gazeti.

Bibi wa muhogo, ambaye wajukuu zake wote humwita Ba, na mimi nikamwita hivyo hivyo, aliniambia nije Jumatano. "Kuja saidia mimi. Kazi mingi, mikono kidogo."

Nyumba yake ni ya matofali mekundu, imebanana na nyingine safu nzima, mlango unafungukia barabarani moja kwa moja. Kuanzia kizingiti kwenda ndani zilibandikwa nyayo ndogo nyekundu, nyayo za Lakshmi anayekaribishwa aingie. Rangoli ilichorwa ndani, kwenye ubao ulioegemezwa ukutani korido, kwa sababu ya mvua. "Viatu toa," Ba akaniamrisha kutoka jikoni. "Mikono osha. Kuja, kaa."

Kiswahili chake chote ni cha hivyo: lete, weka, toa, fagia, kuja, haraka. Nilisikiliza siku nzima na sikumsikia hata mara moja akisema "naomba" au "tafadhali". Si kwamba hana adabu. Kigujarati chake nilisikia jinsi kinavyonyenyekea anapoongea na watu. Ni kwamba Kiswahili alijifunzia mahali ambapo kilitumika kumwagiza mtu jikoni na kumuuzia mtu dukani, na kikabaki na umbo lile lile, miaka zaidi ya hamsini sasa. Lugha huweka kumbukumbu ya ulivyokuwa unasimama na mwenzako ulipoipata. Niliumia kidogo kuigundua, na papo hapo nilifurahi kuisikia, na hisia zote mbili nilikaa nazo mezani.

Maneno mengine wameyabeba hadi yamekuwa yao kabisa. Mkwe wake, aliyezaliwa hapa na hajawahi kukanyaga Afrika, anasema mogo, jugu, fagio, kisu, sufuria, akidhani ni Kigujarati. Nilipomwambia kwamba ni Kiswahili alicheka, kisha akawapigia simu dada zake kuwaeleza. Nami nikamhesabia tuliyochukua sisi: gari, laki, bima, kachumbari, chapati, mithai yenyewe. Ila kuna mtego kwenye majina ya ndugu. Mmoja wa wajukuu wawili wa kike waliokuwapo alipokea simu akaita "Mama!" na sauti nzito ya kiume ikajibu. Kwa Kigujarati mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu! Wale wasichana wawili walinifanya nirudie mara tatu kwamba kwetu dada ni mimi.

Tulikuwa tunatengeneza ghughra. Ukiziona kwa mbali utasema ni sambusa zilizopindwa nusu mwezi. Unga mweupe unakandwa na samli hadi uwe mgumu kiasi, unasukumwa vipande vidogo kama chapati ya mtoto, halafu ndani unatia semolina iliyokaangwa kwa samli, nazi kavu, sukari, hiliki, lozi zilizosagwa. Kazi iko kwenye ukingo. Ukishakunja, unaubana kwa kidole gumba na cha shahada, unakunja kidogo kwa ndani, unabana, unakunja, hadi ukingo wote uwe kama kamba iliyosokotwa. Ba hatazami. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kiungo cha gumba kimevimba kama tangawizi, lakini mikunjo yake inatoka sawasawa kama cherehani. Yangu ilifumuka kwenye mafuta, sukari ikamwagika na kuungua, jikoni kukajaa moshi. Hakunigombeza. Alichukua gumba langu akaliweka juu ya ukingo na kulibonyeza kwa lake. "Hapa. Kaza. Hapa." Ile ya saba ilishika.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za bibi yangu. Nilimwambia alikuwa yaya, na kwamba katika nyumba ile alikuwa na kikombe chake mwenyewe, cha bati, kimetundikwa kwenye msumari nje ya jiko, na hakuruhusiwa kunywea kingine. Sikujua kama nitasema hadi nilipokwisha kusema. Mkwe aliacha kusukuma unga. Ba aliendelea kubana ukingo wa ghughra iliyokuwa mkononi hadi akaumaliza, akaiweka kwenye sinia.

"Sisi pia," akasema. "Boi yetu iko na kikombe yake. Msumari, ndiyo. Mlango ya nyuma." Akanyamaza. Kisha kwa Kigujarati, mkwe akinitafsiria, alisema kwamba kijana yule alikuwa na umri kama wake, kwamba siku walipoondoka ndiye aliyewapakia mizigo, na kwamba kikombe walikiacha msumarini na hajui kijana alikwenda wapi. Jina lake alilitaja. Sitaliandika hapa. Alilitaja mara mbili.

Mimi sikwenda pale kudai wala kusamehe, na bibi yangu hakunituma. Lakini naona ni bora lilivyosemwa mezani kwake kuliko lingebaki kwangu. Chai ililetwa, tukanywa, tukaendelea.

Ba alikuwa na miaka 22 mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke Uganda na kuwapa siku tisini. Waliokuja Uingereza walikuwa takriban 28,000. Mwezi wa Septemba, halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia kwamba kwa faida yao na ya familia zao wasije Leicester, maana nyumba, shule na huduma zimejaa. Wengi walikuja vile vile, wana ndugu hapa, wana matumaini ya kazi viwandani, na wapo wanaosema jina la Leicester walilijua kwa tangazo hilo hilo. Leo, kwa sensa ya 2021, zaidi ya watu wanne katika kila kumi mjini humu ni wenye asili ya Asia, na serikali ya mji yenyewe ndiyo inayotundika taa za Diwali. Hatua chache kutoka kwenye masonara ipo sanamu ya Gandhi, iliyosimamishwa mwaka 2009. Naye, mwaka 1893, kijana mwanasheria akielekea Natal, Afrika Kusini, meli yake ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Njia ya bahari ni hiyo hiyo.

Ba alianzia kambini, Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Suffolk. Diwali ya mwaka ule iliangukia tarehe 5 Novemba, siku tatu kabla muda wa Amin kwisha. Hawakuwa na diya, hawakuwa na samli. Mama yake aliwasha mshumaa mmoja aliopewa na mwanamke wa Kiingereza wa kujitolea. Halafu, giza lilipoingia, fataki zikaanza kulia vijijini pande zote. Nyekundu, kijani, nyeupe, angani juu ya kambi. Wakatoka nje kwa mablanketi. Mama yake akasema, "Tazameni, hawa nao wanaijua Diwali!" Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba tarehe 5 Novemba kila mwaka Waingereza hupiga fataki kukumbuka njama ya kulipua bunge lao mwaka 1605. Mama yake alifariki akiijua habari hiyo, anasema Ba, lakini hakuwahi kuikubali. Kwake ile ilikuwa taa aliyopewa.

Jua siku hizi linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, maana saa zilikuwa zimerudishwa nyuma Jumapili ile. Kwa hiyo tulipomaliza kukaanga palikuwa giza tupu, na Ba akavaa koti. Jumatano ile ilikuwa Kali Chaudas, usiku wa kutoa mabaya nyumbani. Mkwe alikuwa amekaanga vada chache, ndugu wa bajia zetu. Ba akaziweka kwenye kisahani, akachukua na kichupa cha maji, akaniambia: "Twende."

"Wapi, Ba?"

Hakulijua neno. Akavuka vidole viwili, kimoja juu ya kingine. Njia panda.

Nywele zilinisimama. Bibi yangu asingekanyaga kitu kilichowekwa njia panda hata umlipe; alitufundisha kuzunguka mbali, kutokuokota shilingi pale, kutogeuka. Na mimi sasa, na kilemba cha skafu kichwani, nilikuwa namshika mkono bibi wa Kihindi tukitembea kwenye lami iliyolowa kwenda kuweka kitu hicho hicho. Tulifika pale mitaa miwili midogo inapokutana. Aliziweka vada pembeni, chini ya nguzo ya taa, akamwaga maji kuzizunguka, midomo inacheza. Ni ugomvi wa nyumbani unaotolewa, mkwe alinieleza baadaye, makelele na maneno mabaya ya mwaka mzima, yasivuke kwenda mwaka mpya. Pale chini palikuwa na vada za watu wengine tayari, mafungu manne au matano, yanalowa mvua.

"Sasa rudi," akasema. "Nyuma hapana angalia."

"Najua," nikamwambia. "Na kwetu ni hivyo."

Akanitazama, akanikaza mkono, tukarudi bila kugeuka.

Nilikuwa na zamu usiku ule na zingine mbili zilizofuata, kwa hiyo fataki za Alhamisi nilizisikia kazini, dirisha limefungwa. Ba alikuwa amenifungia ghughra kwenye kopo la plastiki lililokuwa la siagi, akasisitiza mlangoni kwa vidole na kwa lugha zote alizonazo kwamba kopo lirudi. Zimekwisha. Kopo nimeliosha, liko juu ya jokofu, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mwaka wao mpya, wa 2081 kwa hesabu ya Vikram, unaingia Jumamosi. Wanaita Bestu Varas, na watu hutembeleana asubuhi wakisema "Sal Mubarak". Nimenunua nazi mbili kwenye Melton Road, sukari ninayo, hiliki alinipa yeye mwenyewe. Nitapika kashata za bibi. Yai haziwekwi, na nimeshasugua sufuria yangu mara mbili isibaki harufu ya samaki.